Maswali ya Wasomaji: Meli Mbili, Ndoo ya Asali na Mvutano wa Vitu

Barua za safari hii kutoka mikoa ya Kigoma na Tabora zimefika kana kwamba waandishi wake walikaa baraza moja kabla ya kuzituma. Kila mmoja anauliza kwa njia yake kuhusu kani ya mvutano, na hasa kuhusu namna tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na umbali vinavyoamua ukubwa wa kani hiyo. Tumeyaacha maswali mengine yasubiri toleo lijalo, na barua hizi tumezipanga ili jibu la mwanzo liwasaidie wanaofuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Ujiji, na kazi yangu ni kupakia na kupakua mizigo bandarini Kigoma. Shuleni tulifundishwa kwamba kila kitu chenye tungamo huvuta kila kitu kingine. Mara nyingi naziona meli mbili zimefungwa jirani, kila moja imesheheni, na sijaziona hata siku moja zikisogeleana kwa kuvutana. Je, kanuni ile ni ya jua na sayari tu? – Mpakiaji, Ujiji.

JIBU: Kanuni hiyo haibagui, ndugu yetu, meli zako zinavutana sasa hivi unaposoma safu hii. Isaac Newton aliitoa mwaka 1687, na kwa maneno ya kawaida inasema hivi: ukitaka kujua kani ya mvutano kati ya vitu viwili, zidisha tungamo ya kimoja kwa tungamo ya kingine, gawanya jibu kwa kipeo cha pili cha umbali ulio kati ya vitovu vyao (yaani umbali huo uzidishwe kwa wenyewe), kisha zidisha kwa namba moja isiyobadilika popote ulimwenguni. Kila sehemu ya sentensi hiyo ina kazi yake, na matatizo mengi tunayoletewa hutokana na mtu kukariri sehemu moja na kuisahau nyingine.

Tuanze na tungamo. Kwa kuwa tungamo mbili zinazidishwa, wala hazijumlishwi, meli moja ikipakiwa hadi tungamo yake iwe maradufu, kani kati yake na jirani yake huwa maradufu. Na zikipakiwa zote mbili kwa kiasi hicho, kani huwa mara nne. Isitoshe, kani hiyo ni ileile kwa pande zote mbili. Meli ndogo huivuta meli kubwa kwa nguvu sawasawa na ile ambayo kubwa huivuta ndogo, na wewe mwenyewe unaivuta Dunia kwa kani sawa na ile inayokuvuta wewe. Dunia haionekani kukufuata kwa sababu tungamo yake ni kubwa mno, hivyo kani iliyotosha kukuangusha wewe haitoshi kuisogeza yenyewe kwa kiasi kinachoweza kupimwa.

Umbali nao hufanya kazi kwa ukali zaidi. Ukiuongeza mara mbili, kani hubaki robo. Ukiuongeza mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Ukiuongeza mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia. Wavuvi wa dagaa wanaijua tabia hii kwa mwanga wa karabai, hata kama hawaiiti kwa jina la kitaalamu: mwanga uleule uliotoka kwenye taa, ukifika umbali maradufu, hulazimika kuenea juu ya eneo lililo kubwa mara nne, na kwa hiyo kila sehemu ya eneo hilo hupata robo tu. Mvutano nao hupungua kwa kiwango hichohicho, kwa sababu eneo la uso wa tufe hukua kwa kipeo cha pili cha nusu kipenyo chake.

Sasa namba ile isiyobadilika ndiyo inayoeleza kwa nini hujaona kitu bandarini. Ukipima tungamo kwa kilo, umbali kwa mita na kani kwa nyutoni, namba hiyo ni 0.0000000000667. Chukua meli mbili zenye tani 1,000 kila moja, na vitovu vyake viwe mita 50 mmoja kutoka kwa mwingine. Fanya hesabu, utapata nyutoni 0.027, yaani kani inayolingana na uzito wa kitu cha gramu zisizofika 3. Hiyo ndiyo nguvu yote ambayo tani elfu moja zinaweza kuitoa kuvuta tani elfu moja nyingine. Kamba ya kufungia meli haina habari nayo, na upepo mwepesi wa asubuhi huisukuma meli kwa nguvu kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Hata hivyo si sifuri. Kama kungekuwa hakuna upepo, wimbi, kamba wala ukinzani wa maji, meli hizo mbili zingesogeleana mita nzima kwa muda usiofika saa 2. Sisi wenyewe tuliporudia hesabu hiyo tulishangaa kidogo, kwa maana tulitarajia siku kadhaa.

Mtu anaweza kuuliza namba ndogo kiasi hicho ilipimwaje. Kazi hiyo ilifanywa na Henry Cavendish, Mwingereza, mwaka 1797 na 1798, kwa chombo kilichobuniwa na John Michell aliyefariki kabla ya kukitumia. Cavendish alining'iniza kwa waya mwembamba ufito wenye tufe dogo la risasi kila ncha, kila tufe likiwa na gramu 730 hivi, kisha akayasogeza karibu yake matufe mawili makubwa ya risasi yenye kilo 158 kila moja. Matufe madogo yalivutwa na waya ukapindika kidogo sana. Kwa kuwa joto la mwili wa mtu lingetosha kuleta mkondo wa hewa na kuharibu kipimo, alikifungia chombo ndani ya chumba na kukisoma kwa darubini akiwa nje. Kani aliyokuwa akiipima ililingana na uzito wa sehemu 16 hivi za milioni ya gramu. Kutokana na kupindika huko alipata kwamba Dunia, kwa wastani, ina msongamano wa karibu mara 5 na nusu ya ule wa maji. Na kutoka hapo ndipo tunapojua kuwa tungamo ya Dunia ni kama kilo 6 zikifuatwa na sifuri 24. Ni tungamo hiyo kubwa ajabu inayoipa nguvu namba ndogo ajabu, hata gunia la saruji likaumiza bega lako.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama mfanyabiashara wa asali. Nainunua Sikonge na Tabora mjini, naisafirisha kwa treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma. Ndoo niliyoipima Tabora ikatoka kilo 28, nikiifikisha Kigoma na kuipima kwa mizani ya mteja, hupungua nusu kilo. Mteja anadai kwamba Kigoma iko chini, kando ya ziwa, na kwamba mvutano wa huko ni mdogo. Je, kuna ukweli? – Mama Asali, Tabora.

JIBU: Mama, mteja wako ameigeuza kanuni juu chini. Tumesema kwamba umbali unaohesabiwa ni ule wa kutoka kitovu hadi kitovu, na kwa mtu au ndoo iliyo juu ya ardhi, umbali huo huanzia katikati ya Dunia, kilomita 6,371 hivi chini ya miguu yetu. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 na kidogo. Kwa hiyo ndoo yako ikiteremka kutoka Tabora hadi Kigoma huwa imekikaribia kitovu cha Dunia kwa mita zipatazo 420, na inapokaribia huvutwa zaidi. Kama mvutano ungekuwa ndio sababu, asali yako ingeongezeka uzito njiani.

Ni kiasi gani? Mita 420 mbele ya kilomita 6,371 ni kama hakuna, na hata ukichukua kipeo cha pili, badiliko ni takriban sehemu moja ya 10,000. Sehemu ya badiliko hilo hufidiwa na mwamba wa uwanda wa Tabora wenyewe, ambao uko chini ya ndoo na huivuta pia. Latitudo za miji hiyo miwili zinakaribiana sana, zote zikiwa nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo hazibadilishi kitu. Kwa ndoo ya kilo 28 tofauti itakuwa gramu 3 hivi, na gramu hizo 3 ni za faida yako. Nusu kilo iliyopotea haikuchukuliwa na ziwa.

Aina ya mizani nayo ina maana hapa. Mizani ya mawe, ile yenye sahani mbili, hulinganisha bidhaa na mawe ya kupimia. Mvutano ukiongezeka, huongezeka kwa asali na kwa mawe kwa pamoja, na jibu halibadiliki hata ukiipeleka mwezini. Hiyo hupima tungamo. Mizani ya springi na mizani ya kielektroniki hupima kani ambayo bidhaa inakandamiza au kuvuta kwayo, kisha huiandika kwa kilo kana kwamba mvutano ni mmoja kila mahali, jambo ambalo si kweli. Dunia imebinuka kidogo kwenye ikweta, nusu kipenyo chake hapo kikizidi kile cha ncha kwa kilomita 21, na pia inajizungusha. Kwa sababu hizo mbili kitu cha kilo 100 kilichopimwa kwa springi kwenye ncha ya kaskazini kitaonyesha pungufu ya zaidi ya nusu kilo kikiletwa kwenye ikweta katika usawa wa bahari. Hivyo mizani ya kielektroniki iliyorekebishwa London na kuletwa Tabora bila kurekebishwa upya itapunja gramu 300 na zaidi kwa kila gunia la kilo 100. Kwa ndoo yako hiyo ni gramu 100 hivi, nayo bado haifiki nusu kilo uliyolalamikia. Mizani za biashara nchini huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kwa maoni yetu huko ndiko suala hili lipelekwe. Sayansi ya mvutano imeshatoa ushahidi wake, nao hauko upande wa mteja.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nasoma kidato cha pili hapa Tabora. Ikiwa Dunia huvuta kwa kani kubwa zaidi kitu chenye tungamo kubwa, kwa nini embe kubwa na embe dogo vikiachwa pamoja kutoka tawi moja hufika chini pamoja? – Mwanafunzi, Tabora.

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Embe lenye tungamo maradufu huvutwa kwa kani maradufu, hilo umelielewa vizuri. Lakini ni gumu kusogezwa maradufu pia, kwa kuwa tungamo ileile inayovutwa ndiyo inayokinza kuongezewa kasi. Mambo hayo mawili hufutana katika hesabu, na kinachobaki ni tungamo ya Dunia na umbali wako kutoka kitovu chake, ambavyo ni sawa kwa maembe yote ya mti huo. Jani huchelewa kwa sababu ya hewa tu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa chombo cha Apollo 15, akiwa mwezini ambako hakuna hewa, aliachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, na vyote vikagusa ardhi pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu huku Kasulu. Vitabu vinasema tungamo ya Mwezi ni sehemu moja ya 81 ya tungamo ya Dunia. Vinasema tena kwamba mtu akiwa mwezini uzito wake hupungua mara 6 tu. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini usipungue mara 81, na jibu nililowapa halikuniridhisha mwenyewe. – Mwalimu, Kasulu.

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zuri kuliko mengi yaliyomo katika mitihani, na tungependa kukaa nalo kidogo.

Kama tungamo pekee ndiyo ingeamua, mtu wa kilo 60 angesimama mwezini akiwa mwepesi kama kitu kisichofika kilo moja. Lakini anayesimama mwezini hayuko mbali na kitovu cha Mwezi kama anayesimama Kasulu alivyo mbali na kitovu cha Dunia. Nusu kipenyo cha Mwezi ni kilomita 1,737, ambayo ni kidogo zaidi ya robo ya kile cha Dunia. Umbali ukipungua hadi kufikia kiasi hicho, kipeo chake cha pili hupungua mara 13 na nusu hivi, na mvutano huongezeka kwa kiasi hichohicho. Gawanya 81 kwa 13 na nusu, utapata 6. Tungamo imepunguza mara 81, ukaribu umerudisha mara 13 na nusu, na mtu wetu anasimama akijihisi kama mwenye kilo 10.

Waonyeshe pia upande wa pili wa hesabu hiyo kwa sayari ya Zohali. Tungamo yake ni mara 95 ya tungamo ya Dunia, na mwanafunzi anayetazama tungamo tu atadhani mtu angesagwa akifika huko. Lakini nusu kipenyo cha Zohali kwenye ikweta yake ni zaidi ya kilomita 60,000, karibu mara 9 na nusu ya kile cha Dunia. Kipeo cha pili chake ni 89 hivi. Gawanya 95 kwa 89, na utaona kwamba juu ya mawingu ya Zohali, tukiacha athari ya kujizungusha kwake, mvutano unauzidi wa Kasulu kwa sehemu chache tu za mia. Sayari kubwa kiasi hicho huvuta karibu sawa na yetu, kwa sababu uso wake uko mbali na kitovu chake.

Newton mwenyewe alitumia umbali wa Mwezi kuithibitisha kanuni yake. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400 kwa wastani, yaani mara 60 hivi ya nusu kipenyo cha Dunia. Kipeo cha pili cha 60 ni 3,600. Kitu kilichoachiwa Kasulu huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza; kwa kanuni hii Mwezi unapaswa kuanguka kuelekea Dunia sehemu moja ya 3,600 ya umbali huo, yaani milimita 1 na theluthi hivi kwa sekunde. Ukipima mpindo wa njia ya Mwezi kwa kutumia siku 27 na theluthi za mzunguko wake, unapata kiasi hichohicho. Kwa hiyo Mwezi unaanguka kila sekunde, ila unakwenda kando kwa kasi inayotosha kuufanya usiikaribie Dunia. Wanaanga walio katika kituo cha anga, kilomita 400 juu, nao wako katika hali hiyohiyo. Wengi hudhani wanaelea kwa kuwa mvutano umekwisha, ilhali kwa urefu huo mvutano wa Dunia ungali na nguvu ya karibu asilimia 89 ya ule wa ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kigoma. Ndugu yangu anayeishi Dar es Salaam ananiambia bahari hujaa na kupwa kwa kuvutwa na Mwezi. Ziwa letu ni kubwa na lina kina kirefu, na Mwezi tunauona uleule. Mbona halijai na kupwa? Tena nasikia Jua lina nguvu kuliko Mwezi. Kwa nini basi wasiseme bahari huvutwa na Jua? – Mvuvi, Kigoma.

JIBU: Tuanze na Jua, kwa sababu hapo pana jambo linalowachanganya hata wasomi. Tungamo ya Jua ni karibu mara milioni 27 ya tungamo ya Mwezi, na umbali wake kutoka kwetu ni mara 390 hivi ya umbali wa Mwezi. Kipeo cha pili cha 390 ni kama 152,000. Gawanya, na utaona kwamba Jua linaivuta Dunia kwa kani inayozidi ile ya Mwezi karibu mara 180. Uliyosikia ni kweli.

Lakini kinachoinua maji ni tofauti ya mvutano kati ya sehemu moja ya Dunia na nyingine. Maji yaliyo upande unaoelekea Mwezi huvutwa kidogo zaidi kuliko kitovu cha Dunia, na kitovu huvutwa kidogo zaidi kuliko maji ya upande wa pili. Hivyo maji huvimba pande zote mbili. Tofauti hiyo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, si cha pili, kwa hiyo lile Jua lenye kani ya mara 180 likigawanywa tena kwa 390 hubaki na athari isiyofika nusu ya ile ya Mwezi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, athari hizo mbili hujumlishana, na ndiyo maana bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa kuliko kawaida, hutokea nyakati hizo.

Ziwa Tanganyika ni refu, kilomita 670 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake hufika mita 1,470. Hata hivyo kina hakisaidii hapa, na urefu huo ni mdogo mno ukilinganishwa na upana wa bahari kuu. Ncha moja ya ziwa iko karibu sawa na nyingine mbele ya Mwezi, tofauti ya mvutano kati yake ni ndogo sana, na maji hayana mahali pa kutoka kwenda kurundikana. Kujaa na kupwa kupo, lakini hakutambuliki kwa macho. Maji unayoyaona yakipanda na kushuka kwa siku chache husukumwa zaidi na upepo, hasa ule wa kusi wa kiangazi unaoyapeleka maji ya juu upande wa kaskazini. Kuhusu dagaa kutopatikana vizuri wakati wa mbalamwezi, hilo ni suala la mwanga unaoshindana na taa zenu, mvutano haumo.

SWALI: Fundi muashi, Mwandiga, anauliza: Ikiwa kilima nacho huvuta, je, timazi yangu haipindi ninapojenga chini ya mlima?

JIBU: Inapinda, fundi, lakini nyumba yako iko salama. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne aliipima athari hiyo pande mbili za mlima Schiehallion huko Uskoti, na akapata kwamba tofauti ya pande zote mbili kwa pamoja ilikuwa sehemu 12 hivi za nyuzi 1 iliyogawanywa mara 3,600. Kwa timazi yenye uzi wa mita 3, iliyotundikwa upande mmoja wa mlima kama huo, mpindo huo haufiki sehemu ya kumi ya milimita. Uzi wenyewe ni mnene kuliko hapo.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuzifunika sehemu za ufukwe wetu. Maji yana tungamo. Je, nikiwa ndani ya mtumbwi juu ya maji hayo yaliyoongezeka, navutwa zaidi kuliko zamani? – Msomaji, Kibirizi.

JIBU: Hapa tungamo na umbali vinashindana, na mshindi ni umbali. Tuchukulie maji yamepanda mita moja. Tabaka hilo jipya lililo chini ya mtumbwi linakuvuta kuelekea chini, hilo ni kweli. Lakini limekuinua pia mita moja kutoka kitovu cha Dunia, na upungufu unaotokana na kuinuliwa huko ni mara 7 hivi ya nyongeza inayoletwa na maji yenyewe. Mtu wa kilo 60 atakuwa mwepesi kwa kiasi cha miligramu 16 hivi. Hakuna mizani ya sokoni itakayoliona badiliko hilo.

Ila vipo vyombo vilivyoweza kuyaona maji hayo kutoka juu, kwa kuwa vyenyewe haviinuliwi na ziwa. Eneo la Ziwa Tanganyika ni kilomita za mraba 33,000 hivi, na kwa hiyo kila mita moja inayoongezeka ni tani bilioni 33 za maji. Mwaka 2002 Marekani na Ujerumani zilirusha satelaiti mbili zilizopewa jina la GRACE, zikifuatana katika njia moja kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Satelaiti ya mbele ilipokaribia eneo lenye tungamo kubwa zaidi ilivutwa mbele, na umbali kati yake na mwenzake ukaongezeka. Ya nyuma ilipofika hapo nayo ikavutwa, na umbali ukapungua. Mabadiliko hayo yalipimwa kwa usahihi wa sehemu za elfu moja za milimita. Kwa njia hiyo wataalamu waliweza kufuatilia kuongezeka na kupungua kwa maji katika maziwa makuu ya Afrika Mashariki bila kuweka kijiti cha kupimia ufukweni. Satelaiti hizo ziliacha kazi mwaka 2017, na nyingine mbili za aina hiyohiyo zikarushwa mwaka 2018 kuendeleza kazi hiyo.